Aliyefungua Kwanza

Siku ya matokeo mtaa mzima uliamka na simu mkononi, na Fundi Waya aliamka kabla yao wote. Majirani ndio waliompa jina hilo, ingawa mwanamke yule hajapata kushika waya wowote zaidi ya ule wa pasi. Kazi yake ni tovuti: kuzijenga, kuzitibu zikiugua, kuziamsha zikizimia. Lakini hebu nenda kamweleze mwenye duka la kona kwamba kuna mtu anakula kwa kutengeneza kitu kisichoshikika. Waya, basi. Waya angalau unaonekana.

Mwaka uliotangulia, tovuti ya ofisi ya mitihani ilizimia dakika ya tatu baada ya matokeo kutangazwa, ikalala siku mbili nzima. Wazazi walilia, magazeti yakacheka, na Mkurugenzi wa ofisi akaonekana kwenye televisheni akijipangusa jasho kwa kitambaa. Mwaka huu hakuitaka tena aibu ile. Ndiyo maana wiki sita nyuma alimwita Fundi Waya akampa kazi ya majaribio. Aifanye tovuti ivumilie siku moja tu, siku yenyewe. Ikisimama, ataajiriwa, apewe mshahara wa kila mwezi, bima na meza yake. Kwa nyumba iliyoishi miaka kumi na tano kwa vibarua vya mama na cherehani ya baba, hilo neno "kila mwezi" lilikuwa tamu hata kulitamka.

Ila mpaka siku hiyo alikuwa bado mgeni, na hawakumwacha asahau hilo. Kila asubuhi alipofika getini alivishwa kitambulisho chekundu kilichoandikwa MGENI, akaketi kwenye benchi la mapokezi mpaka atokee mtu wa kumchukua, kama mzigo uliokosa mwenyewe. Siku moja alipitiwa akaenda nacho nyumbani, na kesho yake akaandikishwa maelezo kurasa mbili.

Kazi yenyewe alimweleza mumewe wakati mume anakata kitambaa. Ofisi ilikuwa na seva moja, mashine kuukuu iliyokaa chumba cha chini, na watoto laki tatu pamoja na wazazi wao waliigongea mlango wote kwa dakika moja. Dawa yake ilikuwa kukodi vituo vya nakala, yaani mashine za watu zilizotapakaa kila pembe ya nchi na nje yake. Mtu akiomba ukurasa, kituo cha karibu naye kinampa nakala. Kama hakina, kinaufuata kwa seva mara moja tu, kinauhifadhi, na kila atakayeomba baada ya hapo anapewa ule ule. Seva inapumua.

"Kwa hiyo mimi nakata sampuli moja," alisema mumewe, "halafu mafundi wa mitaa yote wanashonea hiyo."

"Hapo hapo."

"Na sampuli ikiwa mbovu?"

Akamwambia asilete mkosi ndani ya nyumba, wakacheka wote wawili.

Siku yenyewe alifanyia kazi nyumbani, kwenye pembe ya chumba cha kulala, maana intaneti ya ofisini siku ya matokeo hukwama kama mlango wakati wa mvua. Kule chumba cha chini alibaki Mzee wa Mashine. Huyu alikuwa ameilea ile seva miaka ishirini na miwili, alibakiwa na mwaka mmoja astaafu, na Fundi Waya alipoingia mara ya kwanza alimtazama kwa jicho la pembeni kama mke mkubwa aliyeletewa mdogo. Wiki ya pili akampa kiti chake. Wiki ya tatu akaanza kumwita mwanangu.

Saa nne asubuhi Mzee alipiga simu. Seva ilikuwa inachemka na matangazo hayajatoka. Fundi Waya akachungulia, akaona kisa. Anwani ya ukurasa wa matokeo ilikuwa imeshaanza kuzunguka kwenye makundi ya simu, na kila kundi lilikuwa limeipachika mkia wake: baada ya ile alama ya kuuliza, msururu wa herufi za kuonyesha mtu katokea wapi. Vituo vya nakala havina akili ya kutambua kwamba mikia ile haina maana. Kwavyo anwani yenye mkia mwingine ni anwani nyingine, basi vinakimbilia kwa seva kuomba upya. Nakala zilikuwepo na hazimsaidii mtu.

Akaamua palepale. Aliviamuru vituo vyote vikate mkia: chochote kinachofuata alama ya kuuliza kisihesabiwe. Akajaribu. Ofisi ilikuwa imempa namba moja tu ya majaribio, yenye sufuri tupu, ya mtahiniwa ambaye hajazaliwa, kwa sababu Mkurugenzi hakutaka mgeni ashike namba za watoto wa watu. Akaingiza sufuri, ukaja ukurasa wa sufuri. Mzee akapiga tena kusema mashine imepoa. Fundi Waya akajinyoosha mgongo, akajisikia yu fundi kweli.

Nikuambie mapema kosa lake, maana mwenyewe alichelewa kuliona. Namba ya mtahiniwa nayo ilikaa mkiani. Ukiingiza namba yako ukabonyeza, namba hiyo husafiri nyuma ya alama ya kuuliza, pamoja na ule uchafu mwingine. Alipokata mkia alikata vyote. Kuanzia saa ile, kwa vituo vile, ukurasa wa matokeo ulikuwa mmoja tu duniani, na atakayeufungua wa kwanza ndiye atakayeonyeshwa kwa watu wote. Kwa namba moja ya majaribio, kosa hilo ungelionea wapi?

*

Nyumba ile ilikuwa na mtahiniwa wake. Binti yao wa pekee aliitwa Chiriku tangu utotoni kwa sababu ya mdomo. Huyo alianza kusema kabla ya kutambaa na hajapumzika tangu siku hiyo. Tangu alfajiri alikuwa anazunguka na pasi, na nguo moja, akiipiga na kuirudia, huku akisimulia ndoto aliyoota, na alichosema rafiki yake, na shule ya bweni atakayokwenda, na kitanda atakachochagua, cha juu, si cha chini. Baba yake alishaikata sketi ya shule hiyo. Ilikuwa imebaki pindo.

Asubuhi alikuwa amemsogelea mama yake begani. Mama, si wewe ndiye mwenye mlango? Si nichungulie kidogo tu? Mama akamsomea somo refu. Matokeo tayari yalikuwa ndani ya seva, na nywila yake pekee ndiyo iliyoweza kuyafungua, wengine wote wakiambulia neno SUBIRI; lakini Mkurugenzi alikataza mtu yeyote kuyafungua kabla ya saa nane, "hata awe mwanangu mwenyewe," na Fundi Waya alitia sahihi. Sheria ni msumeno, alimwambia mtoto. Chiriku akanuna dakika mbili, akasahau, akaendelea kusimulia.

Saa nane kasorobo Fundi Waya alifuta nakala zote kwenye vituo, watu waanze na meza safi. Kazi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni kungoja, na kungoja ndiko kulikomponza. Alijiambia hajawahi kujaribu na namba ya kweli hata mara moja. Alijiambia fundi gani huyo anayeachia gari barabarani bila kuliendesha. Namba ya kweli aliyoijua kwa moyo ilikuwa moja. Tusidanganyane, hakuwa anajaribu chochote. Alikuwa mama, na mlango ulikuwa mbele yake, na ufunguo anao.

Saa nane kasoro dakika kumi akaingiza namba ya Chiriku.

Ukurasa ulikuja upesi, msafi, na majina matatu ya mwanawe juu. Macho yake yalikwenda moja kwa moja chini kabisa, kwenye mstari wa jumla. HAKUFAULU. Akapanda juu kutafuta kosa. Lugha sitini na nne. Historia hamsini na nane. Jiografia hamsini na moja. Sayansi arobaini. Hisabati kumi na tisa, na mwenye kuanguka hisabati ameanguka mtihani mzima, ndiyo kanuni. Alisoma mara tatu, kana kwamba ya tatu ingekuwa na huruma zaidi.

Nyuma yake pasi ilikuwa bado inakwenda na mdomo unakwenda. Chiriku aliuliza kama bweni wanaruhusu redio. Fundi Waya aliufunga ukurasa, akageuka, akakuta uso wake mwenyewe hautaki kumtii. Alijua akimwangalia yule mtoto dakika moja zaidi atalia, na akilia kila kitu kitajulikana, na zimebaki dakika tano, na nchi nzima inamngoja.

"Sukari imekwisha," akasema. "Hebu kimbia dukani."

"Sasa hivi, mama? Zimebaki dakika tano."

"Nenda tu, utafungulia hukohuko na wenzako. Chukua kilo."

Chiriku alichukua pesa, akavaa ndala, akatoka mbio. Sukari ilikuwepo, robo tatu ya kopo.

*

Saa nane kamili Mkurugenzi alitangaza redioni, na mawimbi yakaja. Kwenye kompyuta ya Fundi Waya mstari wa waombaji ulipanda wima, elfu kumi, elfu sitini, laki moja na ishirini kwa dakika. Mstari wa chini, wa seva, haukutikisika. Alitazama ule mstari wa chini akashangaa mwenyewe. Alikuwa ametegemea utulivu, lakini si utulivu wa namna ile.

Mzee wa Mashine alipiga simu, sauti imejaa kicheko. Miaka ishirini na miwili hajawahi kuona. Mashine imelala kama mtoto aliyeshiba, alisema, mwanangu umeniheshimisha. Fundi Waya akamshukuru. Kazi aliyoiota miaka yote imefaulu siku ambayo mtoto hakufaulu, na hakujua aanze na lipi.

Dakika ya sita Mzee alipiga tena, na safari hii hakucheka.

"Mwanangu, nimeingiza namba ya mjukuu wangu. Inaniletea binti wa watu. Nimeingiza ya mtoto wa jirani. Binti yuleyule. Kila namba ninayoweka, ni huyohuyo mmoja."

"Binti gani?"

Mzee hakumjua. Akasoma majina kutoka kwenye kioo chake, matatu, polepole, kama mtu anayeita mahudhurio darasani.

Fundi Waya aliona yote kwa mara moja: mkia, namba, ukurasa aliofungua dakika kumi kabla ya saa, na ule mstari wa chini uliolala. Seva ilikuwa imelala kwa sababu hakuna aliyeifikia. Watu laki na zaidi walikuwa wanapewa nakala moja, na nakala hiyo alikuwa ameiweka yeye kwa mkono wake. Kisha akakumbuka duka la kona, lililojaa watoto na wazazi na simu zao, na ni nani aliyemtuma huko.

*

Mzee alitaka wazime kila kitu. Fundi Waya akamkatalia. Wakizima vituo, watu wote laki watashuka juu ya seva kwa mpigo, nayo itakufa kama mwaka jana, kisha hakuna atakayeona chochote mpaka kesho kutwa. Inabidi kuirekebisha ile amri ya mikia kwanza, namba ibaki na uchafu mwingine ukatwe, halafu ndipo afute nakala. Ukifuta kwanza, wa kwanza kufungua anakuwa mtoto mwingine, na aibu inahamia nyumba nyingine.

Akafungua paneli ya vituo, ukurasa wa kuviongozea. Ilikuwa imemtoa, ikataka aingie upya. Akaandika nywila, ikamwambia imetuma msimbo kwenye simu yake, autie ndani ya dakika moja. Simu ikaanza kulia: Mkurugenzi. Jina lake likafunika kioo kizima na ujumbe ukawa nyuma yake. Akakata. Mkurugenzi akapiga tena. Akakata. Alipoufikia msimbo ulikuwa umeshapitwa na wakati. Akaomba mwingine, na Mkurugenzi akapiga mara ya tatu, na Fundi Waya, mwanamke ambaye wiki sita alikaa kwenye benchi bila kukohoa, akamkatia simu mkuu wake mara ya tatu na kuandika tarakimu sita.

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni na mkanda wa kupimia shingoni. Alikuwa amesikia jinsi kompyuta inavyogongwa, akaacha cherehani. Akauliza kuna nini. Akaambiwa asiseme naye. Hakuondoka.

Amri ikarekebishwa. Paneli ikaandika kwamba mabadiliko yanasambazwa, na kigurudumu kikaanza kuzunguka. Kuna vituo mia na kitu; amri lazima ifike kwa kila kimoja. Asilimia arobaini. Sitini. Aliweka kidole juu ya kitufe cha kufuta akangoja, na kila sekunde aliyongoja, watu elfu mbili walikuwa wanalisoma jina la mwanawe. Tisini. Ikasimama hapo tisini muda ambao hajui ulikuwa mrefu kiasi gani. Mia. Akabonyeza.

Sasa ilibidi ajaribu, na kwa namba mbili za kweli, kosa la asubuhi lisijirudie. Alikuwa na moja. Akageuka kumwuliza mumewe kama anajua namba ya mtoto yeyote, akamkuta Chiriku amesimama mbele ya baba yake. Hajui aliingia saa ngapi. Mikono yake ilikuwa mitupu.

"Mama," alisema, "mbona kila mtu ana matokeo yangu?"

Akaeleza mwenyewe, kwa sauti ya chini ambayo hawakuizoea. Mtoto wa mwenye duka alifungua yake, akakuta jina la Chiriku. Wakafikiri simu mbovu. Wakafungua kwenye nyingine, na nyingine. Wakawa wanamwonyesha, kila mmoja anamsogezea simu yake usoni, na mzee mmoja akasema huyu kaanguka mpaka ndani ya simu zetu. Watu wakacheka.

Fundi Waya akageukia kioo. Simu ikaanza kulia tena.

"Nahitaji namba mbili," alisema. Ndilo neno alilolipata. "Nijaribu kama imepona."

Chiriku alimtazama. Kisha akasogea mezani, akaitaja namba ya rafiki yake, ambayo aliijua kama ya kwake. Ukurasa ukaja na jina la rafiki, aliyefaulu vizuri. "Sasa jaribu ya kwangu," akasema. "Haina siri tena." Mama akaingiza. Ukaja wa kwake. Kurasa mbili tofauti. Mstari wa seva ukaanza kupanda taratibu, ukafika katikati, ukatulia hapo, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Ilikuwa saa nane na dakika kumi na tisa.

*

Akapokea simu kwa kuibonyeza palepale mezani, sauti ikatoka chumba kizima. Hakuwa na mkono wa kuishika, wala akili ya kuwatoa watu.

Mkurugenzi alikuwa mtulivu, na utulivu huo ulitisha kuliko matusi. Alikiri kwamba sasa inafunguka, kila mtu na chake. Lakini magazeti yamepiga, na mzazi wa yule binti akitokea kushtaki ofisi itasimama wapi? Saa tisa anatakiwa kutoa maelezo, mstari mmoja tu, unaoeleweka. Na yeye ameshaanza kuupata. Ile mashine ya chini ni ya zamani, na mwangalizi wake ni wa zamani vilevile. Mashine imetoa karatasi moja kwa watu wote.

"Ndivyo ilivyokuwa, sivyo?" alisema. "Wewe thibitisha tu. Mzee anastaafu mwakani, tutamtangulizia. Na wewe Jumatatu uje uchukue barua yako ya ajira."

Tazama jinsi jambo lilivyokuwa jepesi. Orodha ya nani alifungua nini na saa ngapi ilikuwa kwenye akaunti ya vituo, na akaunti ile ilikuwa na nywila moja, kichwani mwa mtu mmoja. Neno "ndiyo" moja tu, kisha kila mwezi, bima, meza. Mtoto atahitaji kurudia mwaka, na kurudia mwaka kuna ada. Na Mzee wa Mashine si ndugu yake. Alimpa kiti tu, akamwita mwanangu.

Mumewe alikuwa anaangalia sakafu. Chiriku alikuwa anamwangalia yeye.

"Sivyo, mkuu," akasema Fundi Waya. "Mashine ya Mzee haina kosa. Mimi niliviambia vituo vikate anwani, nikakata na namba za watoto. Halafu saa nane kasoro kumi, kabla hujatangaza, nilifungua ukurasa wa mtahiniwa mmoja. Huo ndio watu walioonyeshwa."

"Ulifungua wa nani?"

"Wa mwanangu."

Wakasikia mlango ukifungwa upande wa Mkurugenzi. Akauliza kama anaelewa alitia sahihi nini. Fundi Waya akasema anaelewa. Mkurugenzi akauliza kama yuko tayari kuliandika hilo. Akajibu analiandika sasa hivi, na orodha ataiambatanisha. Basi, alisema Mkurugenzi, akishatuma atoe nywila kwa Mzee, na asije Jumatatu. Akakata, kisha kabla hawajapumua akapiga tena. Alikuwa amesahau jambo moja. Kile kitambulisho cha mgeni, kama anacho nyumbani, akirudishe getini.

Baba mtu aliondoka. Walimsikia kwenye chumba cha mbele akikunja kitambaa, akivuta droo, akiisukuma. Cherehani haikulia tena siku hiyo.

Chiriku alikuwa hajasogea.

"Saa nane kasoro kumi," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa hapo napiga pasi. Ulikuwa umeshajua, ukanituma sukari."

Fundi Waya angeweza kusema aliogopa. Angeweza kusema alitaka kumpa dakika kumi zaidi za furaha, na hata ingekuwa kweli kidogo. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, ila hawakusema kwamba mwana naye analia vilevile, tena mbele za watu.

"Ndiyo," akasema. "Nilijua, nikakutuma."

Mtoto akaingia chumbani kwake. Hakubamiza mlango. Angeubamiza, ingekuwa nafuu.

*

Aliandika maelezo yake, akaambatanisha orodha, akatuma. Alimpigia Mzee wa Mashine akampa nywila. Mzee aliandika herufi moja moja, akauliza kama ile ya tatu ni kubwa au ndogo, kisha akasema ameshasikia yaliyosemwa huko juu, kwamba habari za ofisi hushuka ngazi haraka kuliko watu. Akasema pole kwa binti. Akaongeza kwamba kile kiti atakilinda.

Saa kumi alivaa viatu. Mumewe akamwuliza anakwenda wapi, akasema dukani. Mume akamwambia bado wamejaa kule. Akasema anajua.

Kweli walikuwa wamejaa. Kila mtu alikuwa ameshapata cha kwake, wengine wanacheka, mama mmoja anafuta machozi kwa ncha ya kanga, na wote wakapunguza sauti alipofika. Mwenye duka, kwa wema tu, akasema hongera Fundi Waya, naona sasa waya umekaa sawa. Yule mzee wa mzaha alikuwa ameketi juu ya kreti akiangalia upande mwingine.

Fundi Waya hakuwa mtu wa hotuba. Alisimama kwenye kizingiti, mikono imeshikana, akawaambia yule mtoto waliyemwona kwenye simu zao ni wake, wanamjua, wamemwona akikua. Hakujileta mwenyewe mle. Ni yeye mama yake aliyechungulia kabla ya wakati, akaharibu, akamwacha aje kusikia huku. Basi kama wana kicheko kilichobaki, wamcheke yeye, yupo.

Hakuna aliyecheka. Mzee wa kreti alikohoa, akasema ni maneno tu yalimtoka. Mwenye duka akainama chini ya meza, akainuka na mfuko wa sukari uliofungwa fundo. Kilo moja. Binti aliuacha juu ya meza alipokimbia, alisema, na umeshalipiwa.

Aliporudi alikuta birika limechemka. Chiriku alikuwa ameweka vikombe vitatu mezani na kuketi, macho yamevimba, mikono chini ya mapaja. Baba yake alikuwa ameketi upande wa pili. Fundi Waya akauweka mfuko katikati, karibu na kopo lenye robo tatu, na wote watatu wakaviona vyote viwili.

"Sikuona vizuri," alisema Chiriku. "Walikuwa wananisukumia simu. Niambie wewe. Niambie kama vile hujanituma popote."

Mama akavuta kiti akaketi, akamtazama usoni. Akamwambia. Lugha sitini na nne. Historia hamsini na nane. Jiografia hamsini na moja. Sayansi arobaini. Hisabati kumi na tisa. Kwa jumla, mwanangu, hukufaulu.

Chiriku alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ajue kusema. Kisha akafungua lile fundo la mfuko, akatia sukari kwenye kikombe chake, halafu akausukuma mfuko upande wa mama yake.